Nyonga Mpya na Tumbako Havikai Nyumba Moja



Katika ukurasa huu wa usalama na afya tunaongea mara nyingi juu ya kaske, viatu vya usalama, miwani na kinga ya vumbi. Safari hii tutaongea juu ya kitu kidogo kinachoingia katika mfuko wa shati, ambacho hakuna mkubwa wa kazi anayekikagua. Kitu hicho ni sigara. Na hatutaongea juu ya mapafu, maana habari hiyo mmekwisha kuisikia mpaka masikio yamechoka. Tutaongea juu ya mifupa na viungo.

Mfanyakazi mmoja wa karieri, aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba kwa miaka mingi, alikuja kwetu akichechemea. Nyonga yake imeharibika na wanganga wakubwa wamemwambia kwamba itabidi kumwekea nyingine. Walimwambia pia aache tumbako kwanza. Yeye akaniuliza: "Munganga, moshi unapita kinywani unaingia kifuani. Nyonga iko huku chini. Vinakutana wapi?"

Nilipenda swali lake. Mtu anayeuliza hivyo anastahili kujibiwa sawasawa, si kuambiwa tu "ni mbaya, acha". Na kwa kuwa wako wengine wengi wanaojiuliza jambo hilo bila kusema, tutalijibu hapa mbele ya wote.

KIUNGO KIKIKWISHA

Nyonga ni pale ambapo paja linaungana na kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira mdogo, nacho kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kichwa hicho na kikombe vimefunikwa na gegedu, ile kitu nyeupe yenye kuteleza ambayo mnaiona mwisho wa mfupa wa kuku na ambayo watoto wanapenda kuitafuna. Gegedu ikikwisha, mfupa unasaga mfupa. Mtu anaamka usiku kwa maumivu. Hawezi kufunga kamba za viatu, hawezi kuchuchumaa chooni, na kupanda ngazi kunakuwa kama kubeba gunia la simenti.

Kule Ulaya ugonjwa huu ni wa wazee hasa. Kwetu Afrika mambo ni mengine kidogo. Malawi ilifungua mwaka 2005 kitabu cha taifa cha kuandika kila mtu aliyewekewa kiungo kipya, na wanganga wa huko waliona kwamba sababu ya kwanza ya kubadilisha nyonga haikuwa uzee. Sababu ilikuwa kufa kwa kichwa cha mfupa. Maana yake ni hii: mishipa midogo inayoleta damu katika kichwa cha mfupa inaziba, mfupa unakosa chakula, unakauka na kubomoka kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua. Jambo hilo huwapata vijana pia.

Ni nini kinachoziba mishipa hiyo? Kwa wengine ni ule ugonjwa wa damu unaoitwa drepanositozi, ambao watu wanauita SS. Kwa wengine ni lutuku na pombe nyingine kali kila siku kwa miaka mingi. Kwa wengine ni dawa za kortizoni zinazonunuliwa sokoni na kumezwa miezi na miezi bila munganga kujua. Kuna watu wanazimeza ili wanenepe, na hilo linanikasirisha zaidi ya mengine yote. Tena wako wale walioanguka au kugongwa wakavunjika shingo ya mfupa wa paja, na wale ambao magoti yao yamechakaa kwa sababu ya ajali ya zamani isiyotunzwa vizuri.

SIMENTI AMBAYO HAITOKI LUBUDI

Kubadilisha kiungo si uchawi wala si jambo la jana. Mwaka 1890, huko Berlin, Ujerumani, munganga mmoja jina lake Themistocles Gluck alijaribu kuwekea wagonjwa magoti ya pembe ya ndovu. Wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha mifupa. Vidonda vikaoza na kazi ikashindikana. Watu wakangoja miaka mingi.

Aliyefungua njia ni Mwingereza John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Kwanza alitumia kikombe cha plastiki inayoitwa Teflon. Ilichakaa kwa miaka michache tu, na ikambidi awapasue tena wagonjwa wake aitoe. Wengi wangekata tamaa. Mwaka 1962 alipata plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, polietilini, akaiweka kama kikombe, na ndani yake kichwa kidogo cha chuma chenye upana wa milimita 22 tu. Tangu hapo kazi hiyo imeenea duniani pote. Hesabu zilizotolewa mwaka 2019 kutoka nchi zinazotunza vitabu vya wagonjwa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba katika nyonga 100 zilizowekwa, karibu 58 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa magoti ni karibu 82.

Sisi watu wa Lubudi, tuliokulia katika harufu ya chokaa na vumbi la simenti, tutafurahi kujua kwamba Charnley alishika chuma chake katika mfupa kwa simenti. Lakini msidhani inatoka katika tanuru kama letu! Simenti ya mfupa ni unga wa akriliki unaochanganywa na maji yake maalum. Munganga anaukoroga, anaujaza katika tundu la mfupa, anasukuma chuma ndani yake, na kwa muda wa dakika kumi hivi umekuwa mgumu. Haigandishi kama gundi. Inajaza nafasi yote kati ya chuma na mfupa, kama vile fundi anavyojaza simenti kuzunguka mguu wa mashine ili isitikisike. Siku hizi kuna pia viungo vinavyowekwa bila simenti: uso wa chuma ni wa kukwaruza, na mfupa wenyewe unaota na kuushika.

Sasa sikilizeni vizuri. Chuma hakina uhai. Plastiki haina uhai. Simenti ile haina uhai. Kitu chenye uhai pale ni mfupa unaozunguka, nyama iliyokatwa na ngozi iliyoshonwa, na hivyo vyote vinapona kwa damu. Kila mjenzi anajua kwamba ukimwaga zege na kuliacha kwenye jua bila kulimwagia maji, litakauka juu lakini litapasuka. Kidonda kisichopata damu nzuri kinafanya vivyo hivyo: juu kinaonekana kimefunga, ndani hakijashikana.

MOSHI NA NYONGA VINAKUTANA WAPI

Vinakutana katika damu. Hilo ndilo jibu la swali la mwenzetu.

Moshi wa sigara moja una maelfu ya vitu, lakini hapa vitatosha viwili. Cha kwanza ni nikotini. Nikotini inakaza mishipa midogo ya damu, kama mtu anayekanyaga mpira wa maji. Wapimaji waliweka vyombo vidogo chini ya ngozi ya watu wanaovuta, wakaona mwaka 1991 kwamba baada ya kuvuta kwa dakika kumi, hewa safi iliyo katika nyama inashuka, na inabaki chini kwa dakika 30 hadi 50. Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu wa pakiti moja anavuta sigara 20. Kama kila moja inabana kwa dakika 40, ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13 kwa siku. Kidonda chake kinapata hewa nzuri wakati amelala tu.

Cha pili ni gesi ambayo ninyi wa karieri mnaijua kuliko mimi. Baruti ikishapasua mwamba, mnakatazwa kurudi mara moja. Kwa nini? Si kwa ajili ya mawe yanayoweza kuanguka tu. Ni kwa ajili ya gesi za baruti, na moja yao ni monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoishika. Ikikaa mahali pa hewa safi, hewa safi haina kiti. Mtu anayetii kengele ya baruti, anayengoja nje mpaka mkubwa atoe ruhusa, halafu anawasha sigara wakati anangoja, anajiingizia kwa mkono wake gesi ileile anayoikimbia.

Damu ya mtu asiyevuta haina hata sehemu 2 katika 100 zilizoshikwa na gesi hiyo. Kwa mvutaji zinafika 5, hata 10. Habari njema ni kwamba gesi hii haikai sana: kila saa nne hadi sita nusu yake inatoka, na kwa siku moja au mbili karibu yote imekwisha. Nikotini pia inatoka upesi. Yanayochelewa kutengenezeka ni mengine: askari weupe wa damu wanaoua vijidudu, ambao moshi unawalewesha, seli zinazofuma nyuzi za kushona kidonda, na vile vinyweleo vidogo vya ndani ya koo vinavyofagia makohozi. Hivyo vinahitaji wiki kadhaa ili kurudia kazi.

Kwa habari ya hao askari weupe, wanganga wa Denmark walifanya jaribio zuri, likatangazwa mwaka 2003. Waliwakata watu wenye afya vidonda vidogo sana vya ngozi, kwa ruhusa yao, wakavitazama. Kwa wavutaji, vidonda 12 katika 100 viliingiwa na vijidudu. Kwa wale ambao hawajavuta kamwe, 2 katika 100. Na wavutaji walioacha kwa wiki nne tu, hatari yao ilishuka sana.

VIJIDUDU VIKIINGIA KATIKA CHUMA

Kidonda cha kawaida kikioza, tunakisafisha, tunatoa dawa, mtu anapona. Nyonga ya chuma haifuati sheria hiyo. Vijidudu vikifika juu ya chuma vinajitengenezea utando, vinajificha chini yake kama panya chini ya bati, na dawa inayotembea katika damu haivifikii, kwa sababu chuma hakina mishipa. Katika hospitali zilizo safi na zenye vyombo vyote, jambo hilo humpata mtu mmoja au wawili katika kila 100. Kwa mvutaji hatari hiyo inakaribia kuwa mara mbili.

Na ikimpata? Hapo ndipo ningependa kila mke na kila mume asome polepole. Mara nyingi inabidi kumpasua tena na kutoa kila kitu: chuma, plastiki, simenti. Anawekewa simenti yenye dawa ndani yake kwa muda, anameza au kuchomwa dawa kwa wiki sita au zaidi, halafu anapasuliwa mara ya tatu ili awekewe nyonga nyingine. Kama haiwezekani, anaachwa bila kiungo: mguu unakuwa mfupi kwa sentimita kadhaa, na fimbo inakuwa ndugu yake mpaka kufa.

Mjue pia kwamba kazi hii haipatikani katika dispanseri ya kampani, wala katika hospitali nyingi za mkoa wetu wa Lualaba. Mgonjwa wa Lubudi anapaswa kusafiri. Wengine wanatafuta njia Lubumbashi, wengine wanavuka mpaka kuingia Zambia, wengine wanasikia habari za Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili kule Dar es Salaam. Jamaa wanachanga, mbuzi wanauzwa, shamba linawekwa rehani, mtoto anangoja mwaka mwingine kuingia shule. Feza hizo zote zinapatikana mara moja. Mara ya pili, nani atachanga?

Mtu aliyekusanyiwa mali namna hiyo na jamaa yake, akaingia hospitali na pakiti katika mfuko, anacheza na jasho la wengine. Nasema hivyo bila kuficha, na wanaonijua wanajua kwamba ninawasemesha wazee wangu kwa heshima.

NI WIKI NGAPI?

Wengi wanauliza: "Munganga, nimevuta miaka 25. Kuacha sasa kutanifaa nini?" Jibu liko Denmark tena. Mwaka 2002 walitangaza jaribio juu ya wavutaji 120 waliokuwa wakingoja nyonga au goti jipya. Wiki sita hadi nane mbele ya kupasuliwa, waliwagawa kwa bahati nasibu. Nusu waliendelea kama kawaida. Nusu nyingine walikutana na muuguzi kila wiki, wakaongea naye, wakapewa nikotini ya kubandika au ya kutafuna, na kusaidiwa kuacha au kupunguza.

Matokeo yalikuwa makubwa kuliko watu walivyotazamia. Kati ya walioendelea kama kawaida, 52 katika 100 walipata shida ya namna fulani baada ya kupasuliwa. Kati ya waliosaidiwa, 18 katika 100. Kwa shida za kidonda peke yake ilikuwa 31 upande mmoja na 5 upande mwingine. Waliopasuliwa tena walikuwa 15 katika 100 dhidi ya 4. Hawa hawakuwa watu ambao hawajavuta kamwe, ndugu zangu! Walikuwa wavutaji wa miaka mingi kama ninyi, waliosaidiwa kwa wiki chache.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka mambo hayo pamoja na mengine likasema: wiki nne bila tumbako mbele ya kupasuliwa zinapunguza hatari, na kila wiki inayoongezeka juu ya hizo nne inazidi kuleta faida. Kwa sababu hiyo sisi tunaomba sita au nane, na tunakubali nne. Aliyepewa tarehe ya karibu asiseme "nimechelewa, basi nivute". Hata siku moja inasafisha ile gesi katika damu.

Watu wengine wameambiwa kwamba kuacha ghafla karibu na siku ya kupasuliwa ni hatari, eti makohozi yanakuwa mengi na mtu anakosa pumzi akiamka. Habari hiyo ilienea hata kwa wanganga. Mambo yalipochunguzwa tena katika kazi nyingi zilizokusanywa pamoja, haikuonekana kuwa kweli. Acha siku yoyote unayoweza kuacha.

Na kupunguza, kutoka 20 mpaka 5? Ni afadhali kuliko kutofanya kitu, kama ni ngazi ya kushukia. Lakini kidonda hakijaonyesha kushukuru sana kwa kupunguza. Kinashukuru kwa kuacha.

TUMBAKO YA KUNUSA, KIKO, NA WENGINE

Mama zetu watasema: habari hii ni ya wanaume. Sivyo. Bibi anayenusa tumbako hapati ile gesi ya moshi, hiyo ni kweli, lakini nikotini anaipata, tena ya kutosha. Afadhali aache naye. Mzee wa kiko ana vyote viwili. Na kijana anayevuta bangi akidhani si tumbako, moshi ni moshi. Tena anapaswa kumwambia munganga wa usingizi, kwa sababu bangi inaharibu hesabu ya dawa ya kulaza.

Wenye SS nawaweka peke yao. Kwao tumbako haingojei siku ya kupasuliwa. Damu yao ikikosa hewa safi chembe zake zinajikunja na kuziba mishipa. Moshi unaweza kuwaletea maumivu makali na shida ya kifua wakati wowote. Hapo sina mazungumzo.

SI NYONGA TU: MGUU ULIOVUNJIKA

Msomaji atasema: mimi ni kijana, nyonga zangu ni nzima, habari hii inanihusu nini? Basi ngoja tutoke kidogo katika nyonga.

Tangu pikipiki zilipojaa katika barabara zetu, tunapokea miguu iliyovunjika zaidi ya zamani. Wewa anabeba watu watatu na gunia la makala, gari la madini linatoka katika vumbi, na yaliyobaki mnayajua. Mfupa wa muundi unavunjika na kutoboa ngozi. Mfupa huo una nyama kidogo mbele na damu kidogo, kwa hiyo ni mgumu kuunga hata kwa mtu mwenye bahati. Huko Marekani walifuata watu wenye mvunjiko wa namna hiyo, wakatangaza mwaka 2005: wavutaji walikuwa na nafasi ndogo ya kuunga mfupa, pungufu kwa 37 katika 100 kuliko wasiovuta, walipata vidonda vya usaha zaidi ya mara mbili, na kuoza kwa mfupa wenyewe mara 3.7. Mtu wa kuoza mfupa tunamjua wote. Ana tundu katika mguu linalotoa maji ya harufu mwaka baada ya mwaka, linaziba leo, linafunguka kesho. Kazi ya karieri haimpokei tena.

Kwa hiyo, ukivunjika, siku ile ile ya plasta iwe siku ya kuzima sigara. Jamaa wanaokuja kukuona hospitali walete ndizi, wasilete pakiti. Mnacheka, lakini nimeona pakiti ikipita chini ya mto.

NAMNA YA KUACHA BILA KUGOMBANA NA WATU WA NYUMBANI

Siku tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Mtu anakuwa na hasira, halali vizuri, anatafuta kitu cha kushika mkononi. Mama wa nyumba, ukiona baba amegeuka chui siku hizo, usimjibu. Ni nikotini inayolia. Baada ya wiki mbili hadi nne mambo yanatulia.

Chagueni tarehe, si "kesho". Tarehe nzuri ni mwanzo wa likizo au siku baada ya posti ya usiku kwisha. Toeni sigara zote nyumbani, na ile moja iliyofichwa juu ya kabati pia. Kwa kawaida hamu kali ya kuvuta haidumu zaidi ya dakika chache: kunywa maji, tafuna karanga au kipande cha muwa, tembea mpaka kwa jirani asiyevuta. Pombe ndiyo mtego mkubwa. Wengi walioacha mwezi mzima walirudia mbele ya chupa ya pili. Nikotini ya kubandika au ya kutafuna inasaidia kama mnaweza kuipata, lakini ni ghali na ni adimu kwetu. Wengine wanaogopa kwamba nayo itakaza mishipa. Katika lile jaribio la vidonda vidogo la 2003, walioacha wakabandika nikotini walipona sawa na walioacha bila kubandika. Msiiogope.

Mtoto wa nyumbani ni muuguzi mzuri kuliko mimi. Nilimwambia baba mmoja ampe binti yake wa miaka tisa kalenda na kalamu, aweke alama kila jioni baba asipovuta. Yule baba aliniambia kwamba angeweza kunidanganya mimi, lakini si yule mtoto na kalamu yake.

Na mgonjwa anaporudi nyumbani na nyonga mpya, kuna jambo moja zaidi. Wakati wa baridi, Juni na Julai, watu wanaingiza mbabula chumbani ili kupata joto, wanafunga mlango na dirisha. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa yanatoa ile ile monoksidi ya kaboni, na kwa wingi kuliko sigara. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Kama mtu huyo ana kidonda, mnamnyang'anya hewa safi tena kwa njia nyingine. Mbabula ibaki nje. Mgonjwa apewe blanketi la pili. Jamaa wanaovuta wakae nao nje wanapovuta, na wabaki bila kuvuta wanapoingia kumsalimu.

Baada ya kupasuliwa, endeleeni angalau wiki sita bila sigara, kwa maana ndizo wiki za kidonda na za mfupa kushika. Munganga akiona wiki sita zimepita na sita nyingine mbele zilikuwa safi, mtu amekaa miezi mitatu. Aliyekaa miezi mitatu, sigara inamkuta mgeni.

Mkienda kuonana na munganga wa kupasua au wa usingizi, semeni kweli: unavuta ngapi, tangu lini, umeacha siku gani, unakunywa nini. Hatawaandikia adhabu. Anahitaji kujua ili kuchagua dawa ya kulaza na kuandaa kifua chenu.

Walio na tarehe ya kupasuliwa nyonga, goti au mfupa wowote waje dispanseri wiki nane mbele, si wiki moja. Waje na mke au mume, au mtoto mkubwa. Walete picha za radio walizopigwa, karatasi za hospitali, na dawa zote wanazomeza nyumbani, pamoja na zile za sokoni zisizo na jina.